Na Lile la Kweli Liko Wapi?

Tulikuwa tumeshaimba, keki imekatwa, watoto wamelishana, na soda zimeanza kumwagika kwenye mkeka. Binti yangu alikuwa anatimiza miaka 6. Kichwani alivaa taji la manila ya njano nililolikata mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, nikalibandika shanga na karatasi za peremende, zile zinazometameta. Mtoto wa jirani, mvulana wa miaka 5, akamsogelea, akaligusa taji kwa ncha ya kidole, kisha akanigeukia.

"Mama, na lile la kweli liko wapi?"

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kwa adabu kabisa, akiamini kwamba hili la manila ni la kujaribishia tu, na lenyewe litaletwa baadaye likiwa bado ndani ya nailoni yake.

Watu wazima tukacheka. Mama yake akamvuta mkono: "Nyamaza wewe, ndilo hilo." Muziki ukaongezwa sauti.

Swali halikuondoka. Wiki zilizofuata nilikuwa nalo kwenye daladala, nalo jikoni, nalo nikikunja nguo.

Kinachotoka kwenye boksi

Sherehe ya mtoto mjini siku hizi haihitaji kuelezwa. Pazia la kupigia picha, maputo ya rangi mbili yaliyofungwa upinde, jina la mtoto kwa herufi za dhahabu, meza iliyofunikwa satini. Vinakodiwa, vinapangwa asubuhi, vinakusanywa jioni kwa sababu kesho vina sherehe nyingine Tabata au Mbezi. Mtoto anakalishwa katikati, anaambiwa atabasamu na asiguse.

Siwezi kuwadharau wanaofanya hivyo. Wengi wa rika langu walikua bila kufanyiwa siku ya kuzaliwa hata mara moja. Namfahamu mama anayeuza chapati kituoni ambaye anacheza mchezo wa kuchangiana fedha na wenzake, na zamu yake ya kupokea huiomba iangukie mwezi wa mwanawe. Yale maputo akiyanunua Kariakoo, ananunua kitu alichokitamani yeye tangu utotoni. Anaposema "mimi sikufanyiwa, mwanangu atafanyiwa", hapo hakuna majivuno. Pana deni analilipa.

Lakini na mtoto wa miaka 5 anajifunza kwa kutazama. Ameshajua kwamba kitu cha sherehe kinatoka dukani, na kilichokatwa kwa mkasi nyumbani ni cha kusubiria.

Nilimpigia mama Tanga

Nilitaka kusikia habari za zamani. Nikampigia mama, nikamwamkia, tukamaliza habari za mvua na za goti lake, ndipo nikamuuliza: "Mama, sisi tulipokuwa wadogo, sikukuu ikikaribia ulikuwa unatutengenezea nini?"

Akacheka sana. "Mimi? Niwatengenezee? Mimi nilikuwa nawafukuza na ufagio wangu!"

Ni kweli. Ufagio wa chelewa ukinunuliwa kabla ya Idi, siku ya Idi umebaki nusu, kwa sababu njiti zake zimekwenda kwenye tiara za kurusha kwa upepo. Kanga iliyochakaa ikianikwa nyuma ya nyumba haikuwa na uhakika wa kurudi nzima. Unga wa ngano ulipungua na hakuna aliyepika chapati.

Baada ya simu nikakaa nikaviita vile vitu kimoja kimoja, na katika vyote sikumwona mtu mzima hata mmoja. Saa za ukuti tulizovaa mkononi. Miwani ya ukuti. Kititia cha ukuti kilichochomekwa kwenye chelewa, ukikimbia nacho kinazunguka. Mpira wa rede, soksi iliyoshindiliwa matambara na kufungwa kamba. Watoto wa bandia wa magunzi ya mahindi, wamevishwa vipande vya kanga tulivyookota sakafuni kwa fundi cherehani.

Na magari ya waya ya kaka zetu. Bodi ilikunjwa kwa jiwe na kwa meno. Magurudumu yalikatwa kwa wembe kwenye ndala iliyokwisha. Usukani ulikuwa mrefu wa kufika kiunoni, ili dereva akimbie wima nyuma ya gari lake, na akikata kona, magurudumu ya mbele nayo yanakata. Hiyo ilikuwa kazi ya mtoto wa miaka 12, na alikuwa na saidia fundi wake.

Saidia fundi ndio sisi. Mwaka wa kwanza unatumwa tu: kalete waya, kalete wembe, kamwangalie mama kama amelala. Ukikua kidogo unashika pale unapoambiwa ushike. Ukikua tena unaruhusiwa kufunga mkia wa tiara, na ukiufunga vibaya unarudishwa kwenye kutumwa. Hakuna aliyeketi kukufundisha. Ulikuwa karibu, basi ukajua.

Mama alichotoa yeye kilikuwa ufagio, na kufumba macho.

Hapo swali la yule mtoto likanijia kwa upande mwingine. Taji langu na taji la Kariakoo, kwa jicho lake, yametoka mahali pamoja: chumbani, mikononi mwa mtu mzima, yakiwa yamekwisha tayari. Binti yangu aliamka asubuhi akalikuta. La Kariakoo linang'aa zaidi. Basi yule mtoto ana kosa gani kuuliza?

Kusi

Idi kubwa ya mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa mwezi wa sita, shule zinafunga na kusi inavuma. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi huhama polepole kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na huchukua miaka 33 hivi kurudi pale ilipokuwa. Wako watoto ambao Idi wanazozikumbuka zote ni za matope ya masika, na wako wa joto la kaskazi. Hawa wa kwangu walipata upepo wa tiara.

Watoto wa dada yangu walikuja na basi kutoka Tanga. Mkubwa wao ana miaka 11. Hata maji ya kunywa hajamaliza, akauliza: "Mama mdogo, una ufagio wa chelewa?"

Nikampa. Nikavuta kiti mlangoni, nikaamua kunyamaza.

Alizichagua njiti moja moja. Anaipinda, anaiachia. Inayorudi upesi anaiweka kando, inayolegea anairudisha kwenye ufagio. Tatu akazifunga pamoja kwa uzi ziwe uti wa mgongo. Moja nyembamba akaipinda upinde, akaukaza kwa uzi kutoka ncha hadi ncha, akaulaza juu ya ule uti na kuupima kwa kidole kimoja kama pande mbili zina uzito sawa. Hazikuwa sawa. Akakata kipande kidogo sana cha njiti kwa meno, akapima tena.

Gazeti alilikataa. "Zito hili." Zamani tungechukua mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na mimi ninayekaa karibu na mtaro nashukuru. Akazunguka nyumba nzima akitafuta. Akarudi na karatasi za kufungia zawadi za siku ya kuzaliwa ya binti yangu, ambazo nilikuwa nimezikunja na kuziweka juu ya kabati. Nyembamba, zenye nyota.

"Hizi."

Uji wa ngano wa kugundishia nilipika mimi, kwa sababu moto ni kazi yangu. Mengine yote walifanya wao. Binti yangu alishikishwa kikombe cha gundi na kuambiwa asitikisike, na mtoto huyu ambaye hakai mahali pamoja alisimama wima hadi karatasi yote ilipobandikwa. Kisha akapandishwa cheo. Akapewa kanga kuukuu achane vipande vya mkia.

Walikwenda uwanja wa shule, mbali na nyaya za umeme. Hilo nilisimamia mwenyewe. Mara ya kwanza tiara ilipanda kidogo, ikazunguka kama pia, ikaanguka kichwa chini.

"Mkia mfupi," akasema mkubwa. Hakulaumu mtu.

Binti yangu akachana vipande vingine, akaviunga, akafunga fundo mwenyewe. Fundo baya, linalegea. Kaka yake akalikaza bila kulifungua. Nililiona hilo na nimelifikiria sana tangu siku ile: angeweza kulifungua na kulifunga upya vizuri, kwa sekunde chache tu. Alilikaza lile lile la mdogo wake.

Ikapanda. Kusi ikaichukua juu ya paa la madarasa, mkia umenyooka, mshipi unakimbia kwenye kopo.

Mtoto wa jirani alikuwepo, yule yule. Hakuuliza lile la kweli liko wapi. Aliuliza: "Na mimi nishike?"

"Subiri," binti yangu akamjibu. "Mkia nimetengeneza mimi."

Mkubwa hayupo

Mikono mizuri bado tunayo. Video za kufundisha kukunja maua ya karatasi zimejaa kwenye simu, na akina mama wenzangu wanatengeneza vitu vya kupendeza mno. Anayekosekana ni yule mtoto wa miaka 11.

Yuko bweni. Au Jumamosi yuko tuisheni. Akiwa nyumbani yuko na wa rika lake, mdogo wake yuko na wa darasa lake, na geti limefungwa. Ujuzi huu ulipita uwanjani kutoka kwa mkubwa kwenda kwa anayemfuata, na anayemfuata kwenda kwa yule wa chini kabisa anayetumwa wembe. Mkubwa akitoka, wa chini anabaki na mama mwenye mkasi.

Na mama mwenye mkasi akianza, hajui pa kuachia. Shemeji yangu yuko Mombasa. Kenya walipoanza Mtaala wa Umilisi mwaka 2017, watoto wakawa wanarudi na kazi za mikono za kufanyia nyumbani. Anasema mtaani kwao taa zilikuwa zinawaka usiku wa manane, mzazi anakata maboksi na mtoto amelala. Asubuhi kazi inapelekwa shule imenyooka, inapendeza, na mwalimu anajua nani ameifanya. Mtaala uliitaka mikono ya mtoto, ikaja ya mzazi.

Sidhani kwamba wazazi wale walikuwa wavivu wa kuelewa. Nadhani sababu ni ile ile ya sherehe zetu.

Kazi itaonwa na watu.

Tiara ya chelewa hakuna aliyetazamia kuiona. Ilikuwa ya uwanjani, ya jioni, ikichanika inatengenezwa nyingine. Taji linapigwa picha, picha inatumwa kwenye kundi la familia, shangazi wa Arusha anatoa maoni. Mkono wa mtoto wa miaka 6 hauwezi kufaulu mtihani huo, kwa hiyo tunausogeza pembeni, kwa upendo wote.

Mnyororo wa jirani

Jirani yangu wa upande wa pili ni mwenyeji wa Moshi. Desemba ambayo hawasafiri kwenda kwao, hukata tawi la mvinje, hulisimika kwenye ndoo ya mchanga na kulitandaza pamba iwe theluji. Minyororo ya karatasi ya kutundika ukutani huwaachia watoto. Mwezi ukiingia tu anawapa magazeti na majarida ya zamani, mikasi isiyo na ncha na sufuria ndogo ya uji wa ngano. Wanakata vipande, wanabandika pete, wanapitisha pete nyingine ndani yake, wanabandika, hivyo hivyo hadi waitwe kula.

Nimeuona mnyororo huo. Pete za mwanzo ni kubwa kama bangili, za mwisho kidole hakipiti. Mahali pamoja wamesahau kubadilisha rangi, nyekundu zimefuatana safu nzima. Mahali pengine gundi imemwagika na pete zimegandana, na wameziacha. Unatundikwa sebuleni ulivyo, wageni wanaukuta ulivyo.

Nilimuuliza kwa nini hauweki sawa japo kidogo kabla ya wageni kufika.

"Nikiutengeneza mimi, wao watabaki kunisaidia kuutazama."

Alisema huku anachambua mchele, hata hakuinua macho.

Mashaka ninayoyabeba

Nilimsimulia haya rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, naye hakufurahi. Akaniambia: "Wewe unatengeneza kwa kupenda. Sisi tulitengeneza kwa kukosa."

Sina jibu lililotimia. Ni kweli kwamba gari la waya lilizaliwa kwenye nyumba isiyo na gari la plastiki, na mtoto aliyelikunja angelibadilisha siku ile ile kwa la dukani. Ni kweli pia kwamba maneno matamu kuhusu vitu vya kujitengenezea, yakisemwa na mtu mwenye friji na kazi ya mshahara, yanaweza kumfika mwenye dhiki kama masimango. Yule mama wa chapati sitamwambia aache maputo. Sitamwambia kamwe.

Ila nilimjibu rafiki yangu kwamba watoto wa dada yangu wana baiskeli. Wana katuni kwenye simu ya baba yao. Hawakukosa kitu siku ile, na bado hawakuingia ndani hadi jua lilipozama. Alifikiri kidogo, akasema, "Hao wana nafasi." Nafasi ya uwanja, nafasi ya muda, nafasi ya kaka mkubwa aliye likizo. Hapo tukakubaliana, na hilo linanisumbua kuliko la fedha, kwa sababu uwanja wa mtaani kwetu nusu yake tayari umejengwa fremu za maduka, na mama anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku hana jioni ya kukaa mlangoni na kunyamaza.

Kuna na la usalama. Wembe ule ule, waya ule ule, kopo lenye kutu. Sisi tulichomwa, na wako waliougua pepopunda. Sitaki yarudi yote. (Maputo nayo yana hatari yake, na wazazi wengi hawaizingatii: kipande cha puto lililopasuka kikiingia kooni kwa mtoto mdogo kinaweza kumziba pumzi. Yakipasuka, okoteni vipande papo hapo.)

Wiki moja kabla

Siku hizi kuna ndoo chini ya meza yangu ya jikoni. Humo naweka vizibo vya soda, maboksi ya maziwa yaliyooshwa, karatasi za zawadi, kamba za viroba, ndala zilizokatika, na mabaki ya vitambaa. Fundi cherehani yeyote ukimwomba kwa heshima anakupa furushi zima bure. Sijazichagua ziwe nini. Sikukuu ikikaribia, wiki moja kabla, naitoa ndoo barazani na kuwaita watoto wa nyumba zote nne za uchochoro wetu, na namwomba mama wa yule mwenye miaka 12 amwachie aje hata kama ana tuisheni jioni. Huyo ndiye ninayemhitaji kuliko vitu vyote vya kwenye ndoo.

Wembe nashika mimi. Wanachora pa kukata, nakata pale pale walipochora, hata kama naona pamepinda. Gundi napika mimi: vijiko 3 vya unga wa ngano kwa kikombe 1 cha maji, unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi hadi madonge yaishe, ndipo uende motoni, ukorogwe bila kuacha hadi uwe mzito na uanze kung'aa. Siku ya pili bado inafaa. Ikianza kunuka chachu, mwaga.

Kuna siku hakitoki kitu. Wanagombana, wanamwaga uji, mkubwa anaondoka amenuna kwenda kucheza chandimu. Siku hizo naona ugumu wa kunyamaza, maana mkono unawasha kuchukua mkasi na kuwamalizia.

Mwezi wa tano ujao binti yangu anatimiza miaka 7. Dada yangu mkubwa ameshaandika kwenye kundi la familia kwamba safari hii atalipia pazia na maputo yeye, "ili mtoto naye aonekane". Nimemshukuru, na nimemwambia ukweli kwamba pazia likija litatundikwa kati ya vitu walivyotengeneza watoto, wala halitafunika kitu. Hakupenda. Tumezungumza kwa simu, tumevutana, tumekubaliana nusu: pazia litakuja, maputo yatapungua, na watoto wake watafika wiki moja kabla, wala si asubuhi ya sherehe wakiwa wameshapigwa pasi. Nimemwomba pia ule mwavuli wake mbovu anaotaka kuutupa. Waya zake zinatosha magari mawili, na kitambaa chake mkubwa wa Tanga ameshakiwekea nafasi.